Ng'ombe wa Ada

Kuna msichana mmoja, sijui hata ni wa nani, aliunguza maziwa kwenye msiba wa baba. Aliachiwa sufuria kubwa la kutengenezea chai ya waombolezaji, yeye akainamia simu yake, maziwa yakapanda, yakamwagikia mafiga, na yaliyobaki yakashika chini. Harufu ikatembea uani kote, ikapita chini ya turubai mpaka kule walikokaa wazee. Akina mama wakamrukia. "We mtoto, macho umeyaacha kwenu?" Nikainuka nimtetee, ile harufu ikanikalisha tena. Tangu tupigiwe simu ya msiba nilikuwa sijalia. Nilijishughulisha na masufuria, na mchele, na kugombana na wenye viti vya kukodi, hadi watu wakaanza kunong'ona kwamba huyu wa mjini moyo wake ni jiwe. Kumbe nilikuwa nangoja maziwa yaungue. Dada yangu Tumpe alinitazama kutoka kwenye mkeka, miguu yake iliyovimba kainyoosha mbele, akaelewa hapohapo. "Ukoko," akasema. Nikalia na kucheka kwa pamoja, na yeye vilevile, aibu tupu mbele ya wageni.

Ninyi wa rika langu mnaukumbuka wakati ule wa ruksa. Sabuni zilirudi dukani, nguo za mitumba zikamwagwa sokoni Tukuyu kwa marobota, wanunuzi wa kahawa wenye pikapu wakaanza kupita kwetu Mpuguso kila mmoja na bei yake. Sisi watoto tuliona raha. Lakini katika furushi hilohilo lilikuja neno ambalo wakubwa walilitamka kwa kushusha sauti: kuchangia. Hospitali, kuchangia. Shule, kuchangia. Zamani, walisema, kijana akichaguliwa kwenda chuo serikali inampa hadi nauli na blanketi. Sasa dada yangu Tumpe kachaguliwa chuo cha uuguzi, mtu wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza kidato cha nne, na chuo kinataka ada, godoro, sare, na vikorokoro vingine ambavyo nyumbani kwetu hata majina yake hatukuyajua.

"Tatizo la Tumpe ni mchango," nilimsikia mama akimwambia jirani.

Mimi mchango nilioujua ni ule wa tumbo. Nikaenda nyuma ya migomba, nikachuma yale majani machungu tuliyokuwa tukinyweshwa tukiwa na minyoo, nikayatwanga, nikamletea dada kwenye kikombe. "Kunywa, utaenda chuo." Aliniangalia, akakipokea kikombe, akakiweka chini bila kunicheka. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Tumpe alikuwa mtu wa kunicheka kwa lolote.

Jambo lenyewe lilikuja Jumapili baada ya ibada, limeshika mwavuli mweusi. Kaka wa baba, Baba Mkubwa wetu, hakuwahi kutembea bila ule mwavuli, na Tukuyu hakuna wa kumlaumu kwa hilo, mvua kwetu haina adabu. Alikaa kwenye kiti cha baba. Baba akakaa kwenye gogo. Ndivyo ilivyokuwa kati yao tangu utoto wao: mmoja anasema, mwingine anaitikia. Baba yangu hakuwa mwoga wa kitu kingine. Alishawahi kuua chatu kwa jembe, na alilala porini akilinda mahindi dhidi ya nguruwe. Ila kumwambia kaka yake "hapana" hakuweza, lile neno lilikuwa halimtoki.

"Kuna mfanyabiashara pale Bulyaga," Baba Mkubwa alisema, kwa Kinyakyusa cha taratibu kama anayeomba dua. "Ana marobota ya mitumba, ana pikapu. Anamtaka Tumpe. Jumamosi naleta ng'ombe wake hapa."

"Tumpe kachaguliwa chuo," baba alisema, akiitazama ardhi.

"Chuo utamlipia na nini? Na hizi ndizi?" Akacheka kidogo. "Amesoma, inatosha. Wangapi hata hapo hawakufika? Jumamosi, mdogo wangu. Uwepo."

Baba hakukubali. Hakukataa pia. Alisema "Ndaga," neno letu la kushukuru na la kupokea pole, na la kufungia mazungumzo mtu akiwa hana la kusema. Baba Mkubwa akafungua mwavuli wake akaondoka. Mama alikuwa jikoni, na nilimsikia akivunja kuni kwa goti, moja baada ya nyingine, kuni ambazo wala hatukuzihitaji.

Ili mnielewe, niwaambie jambo la kwetu. Ng'ombe haingii uani kwa mtu mwenye binti mkubwa bure bure. Akija anavutwa kwa kamba, kila jicho la jirani liko kwenye ile kamba. Baba mwenye nyumba akiipokea, amekubali, maneno mengine yote ni ya kunogesha. Asipoipokea, ng'ombe anageuzwa. Na katika ua mmoja hawasimami ng'ombe wa wanaume wawili. Hayo wazee walikuwa wakiyaita ada, yaani mambo ya desturi, yasiyoulizwa. Kwa hiyo hata mimi, kitoto cha darasa la pili, nilijua Jumamosi maana yake nini.

Wiki ile nyumba haikukalika. Tumpe alifua sare yake ya shule ambayo hakuwa na kazi nayo tena, akaianika, ikanyeshewa, akaifua tena. Hakula. Mama alimtazama baba, baba alitazama migomba. Alhamisi, nadhani kwa kutaka tu kumwondoa mtu mmoja machoni pake, mama alinitwisha kikapu cha maparachichi nipeleke mjini kwa Mwalimu Bupe. Huyu alikuwa Mnyakyusa mwenzetu, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyemfundisha Tumpe sekondari na kumpenda. Ndiye aliyekuwa amepanda mara kadhaa kuja kumsemesha baba habari za chuo.

Nyumba za walimu zilikuwa mstari mmoja. Nilipita kwanza dirisha la Mwalimu Mkumbo, kijana wa hesabu kutoka Singida, kapera, ambaye sisi watoto tulimpenda kwa sababu ya redio yake. Alikuwa akiiweka dirishani inaimba, tunasimama barabarani tunacheza. Siku hiyo dirisha lilikuwa tupu. Nikaenda mlango wa nyuma wa Mwalimu Bupe, nikatua kikapu, na kabla sijabisha hodi nikasikia sauti zao ndani.

"Suala la Tumpe haliwezi kungoja tena," alisema Mwalimu Bupe.

"Lingoje nini tena? Ameshalipiwa." Hiyo ilikuwa sauti ya Mwalimu Mkumbo, imejaa furaha. "Nimemkagua mwenyewe. Mpole, hana makuu, anakula chochote unachompa. Miguu imara."

"Wenyewe wamekubali?"

"Wamekubali, hela wameshika. Jumamosi asubuhi namfuata, namtoa mwenyewe."

"Usiende peke yako, Mkumbo. Nisubiri, twende wote."

"Sawa, sawa. Na atazaa mapema, utaona!"

"Tena azae jike," akasema Mwalimu Bupe, na wote wawili wakacheka.

Jike! Mtoto wa dada yangu wamwite jike! Masikio yaliniwaka moto. Kwa hiyo ndiyo maana redio haipo. Kaiuza, kamlipia dada yangu kwa watu nisiowajua, na Jumamosi anamtoa. Jumamosi ileile! Na yule Mwalimu Bupe, niliyemdhania mtu wa Mungu, naye yumo! Niliacha kikapu pale mlangoni nikakimbia mpaka nyumbani, na ile barabara ni ya kupanda na kushuka, nikafika mate yamekauka.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Nikamwambia kwa mkupuo mmoja. "Mama, Mwalimu Mkumbo kamlipia dada. Anamtoa Jumamosi asubuhi."

Kisu kikasimama. "Mwalimu gani?"

"Yule wa Singida."

"Nani kakuambia?"

"Nimesikia mwenyewe. Kwa masikio yangu haya."

Nilitegemea atapiga yowe. Hakupiga. Alikaa na ile ndizi iliyomenywa nusu mkononi, utomvu unamtiririkia vidoleni. Halafu akasema, wala si kwangu, "Mwalimu hawezi kumkataza mkewe shule." Akarudia tena kwa sauti ya chini. Kisha akanigeukia. "Umesikia wewe? Neno hili likifika kwa baba yako au kwa Tumpe, hayo masikio nayakata nayaweka kwenye mboga."

Basi nikabaki nalo tumboni, na huo ndio ulikuwa mchango wa kweli. Ijumaa nzima sikucheza. Wanaume wawili wanamjia dada yangu siku moja, baba hana neno, mama ananyamaza kwa hila ambayo siielewi, na dada mwenyewe hajui. Mtoto anapookoa mtu huokoa kwa akili zake. Nilichukua viatu vya Tumpe, vile vyeusi ambavyo mama alimnunulia kwenye mitumba kwa ajili ya chuo, nikavifukia kwenye shimo la kuivishia ndizi, katikati ya majani makavu. Nilifikiri hivi: mtu hawezi kuolewa pekupeku.

Jumamosi kulikucha na ukungu, ule wa kwetu unaokufanya usione mkono wako. Mama alikuwa ameshafagia uani, na amevaa kitenge chake cha kanisani. Baba alimuuliza, "Unakwenda wapi?" Mama akasema, "Siendi popote, Baba Tumpe. Nimependeza tu." Baba akamtazama kama anayetazama mgeni. Tumpe alikuwa ndani, anatafuta viatu.

Tukasikia kwato. Kwenye ukungu kikatokea kichwa cha ng'ombe, wa kisasa, mweusi mwenye mabaka meupe, wa aina tuliyokuwa tukiiona kwa wakubwa tu. Nyuma ya kichwa kamba, na kwenye kamba Mwalimu Mkumbo na mabuti yake ya mvua, amelowa, anapiga mluzi. Yuko peke yake.

Kabla hajakanyaga uani, mama akapiga vigelegele.

Alivipiga kwa nguvu zake zote, kichwa amekirudisha nyuma. Kutoka upande wa pili wa migomba wakaitikia wanawake wengine, na dakika haikupita wakawa wanatoka kwenye ukungu na majembe yao begani, wanacheza, wanamzunguka ng'ombe. Na Mwalimu Mkumbo, masikini, akadhani anashukuriwa. Alitabasamu meno yote nje. "Asanteni! Asanteni jamani, ni kidogo tu!" Wanawake wakazidisha. "Nimemleta mapema maana ng'ombe hangoji mvua! Mzee, shikamoo! Huyu ni wa Tumpe." Akanyoosha mkono wenye kamba kwa baba.

Baba hakuipokea. Alisimama mbele ya mlango, mikono mgongoni. Sijawahi kumwona mtu akiiogopa kamba namna ile. Tumpe akatokea nyuma yake, pekupeku, akaona ng'ombe, akaona mwalimu wake, akajishika mdomo.

Hapo ndipo sauti ya Baba Mkubwa ilipokuja kutoka juu ya njia. "Hodi wenyewe!" Na ukungu ukaachia mwavuli, na nyuma ya mwavuli ng'ombe wawili wa kienyeji wanaoswagwa na vijana wa yule mfanyabiashara. Vigelegele vilikatika kama vimekatwa kwa panga. Baba Mkubwa alisimama ukingoni mwa uwanja. Alimtazama yule ng'ombe wa mabaka, akamtazama Mwalimu Mkumbo kuanzia mabuti hadi nywele.

"Nani huyu?"

"Mkwe!" wakajibu wanawake.

"Mkwe?" alisema Mwalimu Mkumbo. Nilimwona akilielewa neno lile polepole, tabasamu likimtoka usoni kipande kwa kipande. "Nani, mimi? Hapana! Hapana, wazee wangu, msinielewe vibaya! Mimi sijaja kuoa!" Jasho lilikuwa limeshamchanganyikia na mvua. Mwalimu kumwoa mwanafunzi wake ni kazi kupotea, na hata jela, mimi sikujua hilo, ila yeye alijua. "Walimu tumechanga. Tumenunua mtamba, ana mimba, akizaa mtauza maziwa, Tumpe asome. Ni ng'ombe wa ada!"

Wanawake waliposikia "ng'ombe wa ada" wakavilipua upya vigelegele. Ada! Wao ada waliyoijua ni moja, ile ya desturi, na mtu amekiri kwa kinywa chake mbele ya mashahidi. "Hapana!" Mwalimu akapaza sauti juu yao. "Ada ya chuo! Ada ya shule, mama zangu!"

Baba Mkubwa alielewa, alikuwa mjanja. Akacheka. "Mmesikia? Huyu si mkwe. Ni mwalimu na vitu vyake vya shule." Akainua mwavuli kuelekeza. "Basi mwalimu, mtoe huyo uani, wenye shughuli wapite."

Mwalimu Mkumbo, kwa heshima yake ya kwao, akaanza kweli kumgeuza ng'ombe.

Wenzangu, nimepitia mengi tangu siku ile. Nimezaa, nimefiwa, nimesimama mbele ya mahakimu. Sijawahi tena kuona uwanja mzima ukiitazama mikono ya mtu mmoja hivyo. Mama alikuwa amekunja ncha ya kitenge chake kinywani anaing'ata. Tumpe alikuwa amekanyaga kizingiti kwa ile miguu isiyo na viatu. Ng'ombe aligeuka nusu, kamba ikaburuta matopeni. Na baba yangu akashuka kutoka mlangoni, akainama, akaiokota.

"Kaka," akasema. Sauti ilikuwa kavu. "Ng'ombe ameshaingia."

"Ni wa shule! Kasema mwenyewe!"

"Kasema ni wa ada. Wote wamesikia." Baba aliizungusha kamba kwenye kiganja chake mara mbili. "Na uani kwangu hawasimami wa watu wawili. Hiyo wewe ndiye uliyenifundisha."

"Mzee," Mwalimu Mkumbo akasihi, amekaribia machozi, "tafadhali, mimi nitafukuzwa kazi, mimi sijaja..."

Baba akamgeukia. Kinyakyusa akakiacha, akatumia Kiswahili chake, kile ambacho herufi z haikuwahi kukubaliana nacho.

"Nyamasa, mkwe."

Mwalimu akarudi nyuma, akasimama kando ya ng'ombe.

Baba Mkubwa alisema maneno ambayo siyaandiki, kisha akafungua mwavuli wake na kugeuza wale ng'ombe wawili. Walipanda njia taratibu, mkia baada ya mkia, mpaka ukungu ukawameza. Baba alibaki ameshika kamba.

Mwalimu Bupe alifika wakati wanawake wameshaanza kuwasha moto, kanga zake zote matope kwa kuteleza mtoni. "Nilikuambia unisubiri!" akamfokea Mkumbo. Alipoelezwa yaliyotokea akakaa juu ya gogo la baba, akacheka hadi akafuta machozi, halafu akaacha kucheka ghafla. "Likifika ofisini hili?" Nami hapo nikajua kwamba aliyekaguliwa miguu, na kuambiwa ni mpole, na kuombewa azae jike, ndiye huyu aliyekuwa anakula mgomba wetu. Nilijisikia mjinga mno. Nikaenda shimoni kufukua viatu.

Na kweli lilifika ofisini. Baba Mkubwa alilipeleka mwenyewe: kuna mwalimu kamnunua mwanafunzi. Mwalimu Mkumbo akaitwa ofisi ya elimu kujieleza, na kwa siku kadhaa hatukujua kama atarudi darasani. Baba yangu, ambaye hakuwahi kuingia ofisi yoyote ya serikali, alivaa koti lake la Krismasi akaenda na Mwalimu Bupe. Aliwaambia wakubwa wale kwamba ng'ombe ni wa ada, ada ya chuo, na kwamba binti yake hana mchumba. Wakamwamini, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli. Kisha akarudi kijijini, na kila mshenga aliyetokeza pua mpaka Tumpe anamaliza chuo, baba alimwelekeza bandani kwa kidole: "Tuna mkwe. Ng'ombe wake yule pale." Ofisini alisema ada, na kijijini alisema ada.

Ng'ombe tulimwita hivyohivyo, Ada. Alizaa, na jike kweli, kama alivyoombewa. Mama alikuwa akishuka na maziwa mjini kila asubuhi, na sisi wengine hatukuruhusiwa hata kulamba kifuniko, maana yalikuwa maziwa ya Tumpe. Ila jioni mama aliyachemsha yale yaliyobaki asubuhi yasiharibike, na mara mojamoja, wala sikuwahi kujua kama ni kwa makusudi, aliyaacha yashike chini. Ukoko ule ulikuwa wangu. Niliukwangua kwa kijiko, mchungu na mtamu, nikikaa na sufuria katikati ya magoti. Tumpe alikuwa mbali, anasomea kudunga watu sindano, kwenye viatu ambavyo aliniandikia kwamba vimekataa kuacha kunuka ndizi mbivu.

Yule ndama wa kwanza hakuwa wetu. Walimu walikuwa wamesema toka mwanzo, jike wa kwanza anakwenda kwa mtoto mwingine aliyekwama. Baba alimpeleka mwenyewe kwa kamba, kijiji cha pili, kwa binti wa mjane mmoja, na nasikia wanawake wa huko nao walipiga vigelegele na baba hakuwakataza. Mimi nilisoma kwa ndama wa tatu. Mwalimu Mkumbo alihamishwa baadaye, akaoa kwao, akawa anatuma salamu. Kijijini wakaendelea kuulizana, "Mkwe hajambo?" hata baada ya Tumpe kuolewa na dereva wa Kyela, mtu wa watu asiye na wivu.

Basi siku hiyo ya msiba, wakati yule msichana anasugua sufuria lake kwa majivu, wakwe walikuwa wanaleta ng'ombe, maana kwetu mkwe haji mikono mitupu kumzika baba wa mkewe. Wa shemeji yangu dereva alikuwa ameshafungwa. Jioni ikikaribia, ukungu umeanza kushuka, nikasikia mluzi. Niliujua kabla sijamwona. Alikuwa mzee, kichwa cheupe, mgongo umeinama, amevaa mabuti, amesafiri kutoka Singida na kununua ng'ombe mnadani, na kamba haikuwa kwa kijana yeyote wa kukodi. Alikuwa ameishika mwenyewe.

Kijana wa kamati, na kipaza sauti chake, akamzuia ukingoni mwa uwanja. "Karibu mzee. Tukutangaze wewe ni nani wa marehemu?"

Mwalimu Mkumbo akababaika. "Mimi? Hapana, mwanangu, usitangaze. Mimi nilikuwa mwalimu tu hapa. Si mkwe, watu watanielewa vibaya, ni kwamba zamani kulikuwa na ng'ombe mmoja wa ada, sasa mimi nikaona..."

Mama alikuwa ameketi ndani kwa siku zote zile, haongei na mtu. Tulishangaa kumwona mlangoni, Tumpe kamshika mkono mmoja, mimi mwingine. Alituachia wote wawili. Alivuka uwanja ule peke yake, polepole, wazee wakainua miguu kumpisha, akafika, akachukua kamba mkononi mwake.

"Nyamasa, mkwe," akasema.